Ustawi wa Taifa: Namna ya Kusoma Takwimu Zinazolinganisha Nchi



Jioni moja huku Gongo la Mboto, katika mkutano wa Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo, baada ya sala na tafakari ya Injili, kijana mmoja alitoa simu yake akatusomea habari. Katika orodha ya dunia ya nchi zenye furaha ya mwaka 2017, Tanzania ilishika nafasi ya 153 kati ya nchi 155. Nyuma yetu zilikuwapo Burundi na Jamhuri ya Afrika ya Kati tu. Syria, iliyokuwa vitani, ilitutangulia kwa nafasi moja, na Somalia ilikuwa ya 93. Mzee mmoja akasema huo ni uzushi wa Wazungu. Kijana akajibu kwamba namba hazidanganyi, na kwamba hiyo ndiyo sababu yeye anatafuta njia ya kuondoka nchini. Mama mmoja aliyekuwa kimya muda wote akauliza: "Kwani walimuuliza nani, na walimuuliza nini?"

Hakuna aliyekuwa na jibu, na sisi tuliokuwa pale kama mchungaji wao hatukuwa nalo pia. Tulifunga mkutano kwa sala, watu wakatawanyika. Makala haya ni jibu letu lililochelewa. Tunayaandika kwa sababu maneno ya jioni ile yanarudi kila mara, kwenye daladala, kwenye vijiwe na hata sakristia, na kwa sababu mtu anaweza kufanya uamuzi mkubwa wa maisha yake kwa kutegemea namba ambayo hajui ilikotoka.

Ustawi katika mafundisho ya Kanisa

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, namba 26, unaeleza manufaa ya wote kuwa ni jumla ya mazingira ya maisha ya kijamii yanayomwezesha kila mtu, na kila kundi la watu, kuufikia ukamilifu wake kwa urahisi zaidi. Tuzingatie kwamba maelezo hayo hayaanzi na fedha. Yanaanza na mtu, na kuuliza kama mazingira anamoishi yanamsaidia au yanamzuia kuwa vile Mungu alivyomkusudia.

Mwaka 1967 ni mwaka wa kukumbukwa katika jambo hili. Tarehe 5 Februari lilitangazwa Azimio la Arusha. Wiki saba baadaye, tarehe 26 Machi, Mtakatifu Paulo wa Sita alitoa waraka wa Populorum Progressio, akifundisha kwamba maendeleo ya kweli hayawezi kupunguzwa yakawa kukua kwa uchumi peke yake, bali yanapaswa kumgusa kila mtu na mtu mzima, mwili na roho. Mwezi Agosti mwaka uleule ikafanyika sensa ya kwanza baada ya uhuru, na nchi ikajua kwamba ina watu wapatao milioni 12.3. Taifa lilihitaji fikra kuhusu mwanadamu, na lilihitaji pia kujihesabu.

Kanisa haliogopi hesabu. Kitabu kizima cha Agano la Kale kinaitwa Hesabu, na Mwinjili Luka anatuonyesha Mwokozi akizaliwa wakati wazazi wake wamekwenda kuandikishwa. Lakini Maandiko yanatuonya pia. Katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 24, Mfalme Daudi anaagiza watu wahesabiwe, kisha moyo wake unamchoma. Tulipokuwa seminarini tulijiuliza kosa lilikuwa wapi. Wafafanuzi wengi wanaona kwamba lilikuwa katika nia: mfalme alihesabu watu ili ajivunie nguvu zake, kana kwamba walikuwa mali yake. Basi, hesabu ileile inaweza kuwa huduma au kuwa majivuno. Tukiwa na hilo mioyoni, tuzichunguze takwimu zenyewe.

Orodha ya furaha: nani aliulizwa, na aliulizwa nini?

Ripoti ya Furaha Duniani hutegemea zaidi swali moja linaloulizwa na kampuni ya utafiti ya Gallup. Mtu huambiwa afikirie ngazi yenye vidato kuanzia 0 hadi 10. Kidato cha juu kabisa ni maisha bora kuliko yote anayoweza kuyawazia kwa ajili yake, na kidato cha chini ni maisha mabaya kuliko yote. Kisha huulizwa: kwa sasa, unajiona umesimama kidato gani? Swali hilo lilibuniwa na mwanasaikolojia wa Marekani, Hadley Cantril, aliyelitangaza mwaka 1965. Kwa kawaida huhojiwa watu wapatao 1,000 katika kila nchi kwa mwaka, wenye umri wa miaka 15 na kuendelea, na nafasi ya nchi hupatikana kwa wastani wa miaka mitatu. Orodha ya mwaka 2017 ilitumia majibu ya miaka 2014 hadi 2016.

Tuone sasa alama zenyewe. Norway, iliyoongoza mwaka ule, ilipata 7.537. Rwanda ilipata 3.471, Syria 3.462 na Tanzania 3.349. Tofauti kati yetu na Syria ilikuwa kama sehemu moja ya kumi ya kidato kimoja. Orodha inapopanga nchi kwa nafasi, nafasi ya 152 na ya 153 huonekana kama watu wawili katika foleni, mmoja mbele na mwingine nyuma. Kumbe alama zao zimekaribiana kiasi kwamba watu wachache wakijibu tofauti, foleni yote hubadilika. Hatuna sababu ya kukosa usingizi kwa kuzidiwa na Syria. Lakini kati yetu na Norway kuna vidato zaidi ya vinne, na pengo hilo haliwezi kufutwa kwa kusema kwamba Wazungu wametuonea. Watanzania wenyewe, walipoulizwa, walijiweka chini. Huenda walikuwa wakisema jambo kuhusu ajira, maji, bei ya unga na ada ya shule, na mchungaji anapaswa kulisikia.

Tena, swali halikuuliza habari za furaha kama tunavyolielewa neno hilo. Kiswahili chetu kinatofautisha furaha, amani, kuridhika na heri. Mama aliyetoka kumzika mume wake anaweza kukosa furaha na bado akawa na amani. Heri Nane za Mlimani zinawataja wenye huzuni miongoni mwa wenye heri. Ngazi ya Cantril hupima jinsi mtu anavyoyapima maisha yake akiyalinganisha na yale anayoyaona kuwa bora. Kijana ambaye kila siku simu yake inamwonyesha nyumba na magari ya nchi za mbali anaweza kuiona ngazi kuwa ndefu kuliko alivyoiona babu yake aliyelima Kisarawe. Hali zao zinaweza kufanana, na majibu yao yakatofautiana.

Pato la Taifa: kinachoingia na kinachoachwa

Kipimo kinachotumika zaidi kulinganisha nchi ni Pato la Taifa, yaani thamani ya bidhaa na huduma zote zinazozalishwa nchini kwa mwaka. Mwaka 1934 mchumi Simon Kuznets, aliyewasilisha hesabu za namna hii mbele ya Bunge la Marekani, alitahadharisha mapema kwamba ustawi wa taifa hauwezi kusomwa moja kwa moja kutoka katika pato lake. Tahadhari hiyo imesahaulika mara nyingi.

Chakula ambacho familia inalima na kukila huingizwa katika Pato la Taifa kwa makadirio. Lakini kupika chakula hicho, kulea watoto, kumwogesha mgonjwa na kumlinda mzee aliyepoteza kumbukumbu ni kazi ambazo haziingii kabisa zinapofanywa na wanafamilia bila malipo. Mtu yuleyule akiajiriwa kumlea mtoto wa jirani kwa mshahara, kazi ileile huingia. Kwa hiyo taifa linaweza kuonekana limetajirika kwa sababu tu kazi zilizofanywa kwa upendo sasa zinalipiwa.

Zaidi ya hayo, kipimo chenyewe hurekebishwa. Mwezi Aprili 2014 Nigeria ilibadilisha mwaka wa kizio wa takwimu zake, na uchumi wake ukaonekana mkubwa zaidi kwa asilimia 89, ukaupita ule wa Afrika Kusini. Septemba mwaka huohuo Kenya ilifanya vivyo hivyo, uchumi wake ukaongezeka kwa takribani robo, na nchi ikaingia kundi la kipato cha kati. Marekebisho hayo yalikuwa halali, kwa kuwa shughuli kama simu za mkononi zilikuwa zimekua bila kuhesabiwa vema. Lakini asubuhi iliyofuata hakuna mama wa Kibera aliyekuta unga umeongezeka katika debe lake.

Sisi pia tunayo tarehe yetu. Tarehe 1 Julai 2020 Benki ya Dunia iliitangaza Tanzania kuwa nchi ya kipato cha kati, daraja la chini. Pato la wastani la kila mtu kwa mwaka 2019 lilikuwa dola 1,080, na mpaka wa daraja ulikuwa dola 1,036. Tulivuka kwa dola 44. Ilikuwa halali kufurahi, kwa sababu kuna jasho la watu ndani yake. Kilichokuwa si halali ni kumwambia mjane wa mtaani kwamba shida zake zimepungua kwa sababu nchi imebadilishiwa daraja.

Kwa kuuona upungufu huo, mwaka 1990 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa lilianza kutoa Kipimo cha Maendeleo ya Binadamu, kazi iliyoongozwa na Mahbub ul Haq wa Pakistan akisaidiana na Amartya Sen wa India. Kipimo hicho huunganisha mambo matatu: umri wa kuishi, miaka ya masomo na pato. Ni hatua kubwa, kwa maana kinaitambua afya na elimu, zinazopambana na maradhi na ujinga, wale maadui wawili ambao Mwalimu Nyerere aliwataja pamoja na umaskini. Lakini nacho huhesabu miaka aliyokaa mtoto shuleni, si kile alichojifunza huko.

Mstari wa umaskini

Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa mwaka 2017/18 ulionyesha kwamba asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara waliishi chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi. Kwa kutumia mstari wa kimataifa wa wakati ule, dola 1.90 kwa siku, takribani nusu ya wananchi walikuwa maskini. Utafiti ni mmoja, kaya ni zilezile, majibu mawili. Hakuna aliyedanganya, kwani mistari ni miwili.

Mstari wa taifa ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, sawa na shilingi 1,644 kwa siku. Hebu tuutafakari tukiwa kituo cha daladala Gongo la Mboto. Anayekwenda Kariakoo kutafuta kibarua na kurudi jioni anamaliza sehemu kubwa ya kiasi hicho kwa nauli, kabla hajala. Na aliyetumia shilingi 1,700 hahesabiwi kuwa maskini.

Mstari wa kimataifa nao huhama. Uliwekwa dola 1.90 mwezi Oktoba 2015, ukawa dola 2.15 mwezi Septemba 2022, na dola 3.00 mwezi Juni 2025. Kila unapohama, mamilioni ya watu duniani hubadilishiwa jina bila chungu chao kubadilika. Wanaokadiria hulazimika pia kukisia dola moja ina uwezo gani wa kununua Dar es Salaam ikilinganishwa na New York, jambo gumu ambapo mmoja anakula ugali na mchicha na mwingine anakula vitu ambavyo sokoni kwetu havipo.

Kuna tahadhari nyingine inayotuhusu zaidi. Katika utafiti huo Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na umaskini wa asilimia 8, na Rukwa asilimia 45. Mtu wa Rukwa akisikia hivyo anaona jiji lote limeshiba. Lakini sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Dar es Salaam. Tukichukua asilimia 8 ya idadi hiyo, kwa mfano tu, tunapata watu zaidi ya laki nne, wanaoweza kuujaza Uwanja wa Benjamin Mkapa wenye viti 60,000 mara saba. Hawaishi Masaki wala Oysterbay. Wengi wao tunakutana nao pembezoni: Majohe, Chanika, Mbagala na huku kwetu. Msaada ukigawanywa kwa kutazama asilimia peke yake, watu hawa wanaweza kurukwa kwa sababu tu wanaishi katika mkoa wenye wastani mzuri.

Hata neno "ajira" halina maana moja. Kwa kigezo cha kimataifa, mtu aliyefanya kazi ya kipato japo saa moja katika wiki ya utafiti huhesabiwa kuwa ana kazi. Kijana aliyebeba mizigo siku moja na kushinda kijiweni siku sita si mtu asiye na kazi. Ndiyo maana nchi isiyo na posho kwa wasio na kazi inaweza kuonyesha ukosefu mdogo wa ajira kuliko Ufaransa. Maskini hana uwezo wa kukaa bure.

Akina mama wanaofariki kwa uzazi

Katika eneo hili tunaomba tusomwe kwa utulivu, kwa sababu hapa tunazungumza juu ya uhai. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000. Utafiti wa mwaka 2022 ukakadiria vifo 104. Mashirika ya Umoja wa Mataifa, katika makadirio yao ya mwaka 2020, yalitaja vifo 238. Mtu anaweza kuchagua namba inayompendeza: anayetaka kusifu achukue moja, anayetaka kulaumu achukue nyingine.

Chanzo cha tofauti ni namna ya kuhesabu. Vifo vingi hutokea nyumbani, na marehemu huzikwa bila jina lake kufika katika daftari la serikali. Hivyo watafiti huwauliza wanawake habari za dada zao waliofariki. Kwa kuwa kifo cha uzazi, ashukuriwe Mungu, si jambo la kila siku, vinavyopatikana katika kaya zilizohojiwa ni vichache, na makadirio huwa na upana mkubwa. Ile 556 yenyewe ilitolewa ikiwa na mipaka ya kati ya 446 na 666. Ni vifo vipi vihesabiwe kuwa vya uzazi, hilo nalo huamuliwa na fasili. Umoja wa Mataifa kwa upande wake hutumia kanuni za kihisabati ili nchi zenye madaftari na zisizo nayo ziweze kulinganishwa.

Tufanye hesabu ndogo. Nchi ikiwa na vizazi hai milioni mbili kwa mwaka, kiwango cha 104 maana yake ni akina mama 2,080, na kiwango cha 238 ni akina mama 4,760. Kati ya namba hizo mbili wamo akina mama 2,680. Makadirio yote yanakubaliana kwamba vifo vimepungua kuliko zamani, na tunawashukuru wakunga, wauguzi na waganga waliofanya kazi hiyo, wakiwamo wale wa hospitali na zahanati za Kanisa. Lakini tofauti ya namba hizi inatufundisha kwamba kuandikisha kila kizazi na kila kifo ni tendo la haki. Aliyefariki bila kuandikwa ameondoka mara mbili.

Yasiyoingia katika jedwali

Wakazi wa hapa hawajausahau usiku wa tarehe 16 Februari 2011, mabomu yalipolipuka katika ghala la silaha la kambi ya jeshi ya Gongo la Mboto. Watu zaidi ya ishirini walifariki, maelfu wakayakimbia makazi yao, wengi wakalala Uwanja wa Uhuru, na watoto wengi wakapotezana na wazazi wao. Katika hesabu za uchumi, nyumba iliyobomoka haipunguzwi kutoka katika Pato la Taifa la mwaka ule, bali saruji na bati za kuijenga upya huongezwa. Kwa kipimo hicho, ujenzi uliotokana na msiba ni uzalishaji.

Wale waliobeba watoto wasio wao gizani hawamo katika jedwali lolote. Haimo pia hofu iliyobaki kwa waliokuwa wadogo usiku ule. Michango ya msiba, ugali unaopelekwa nyumba yenye mgonjwa na zamu za jumuiya za kumtembelea mfungwa wa Ukonga havimo. Hatuyataji haya ili kusema kwamba mshikamano unatosha badala ya zahanati na maji safi. Atakayetumia wema wa maskini kama sababu ya kuwaacha walivyo anawadhulumu. Tunayataja kwa sababu taifa linaweza kupanda katika orodha huku haya yakipotea, na orodha isionyeshe lolote.

Maswali manne ya kuuliza

Muumini akutanapo na namba inayoilinganisha nchi yake na nyingine, asiiamini papo hapo wala asiitupe. Aulize mambo manne.

Kwanza, ni nani aliyehesabiwa, na ni nani aliyeachwa? Pili, ni nini hasa kilichopimwa, na je, neno lililotumika lina maana ileile katika nchi zote mbili? Tatu, je, kipimo ni kilekile cha jana, au mstari umehamishwa? Nne, wastani huu unamficha nani?

Kwa kawaida ni salama zaidi kuilinganisha nchi na yenyewe katika miaka tofauti, kwa kipimo kisichobadilika, kuliko kuipanga katika foleni na nchi nyingine. Ulinganisho wa mataifa unafaa unapotufundisha: kama nchi yenye pato linalokaribiana na letu imefaulu kuokoa akina mama wengi zaidi, tuulize imefanyaje. Haufai unapotumika kuwaaibisha watu au kuwavimbisha kichwa.

Tunawakumbusha pia viongozi wetu, kwa heshima, kwamba Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050 imeweka shabaha ya uchumi wa dola trilioni moja na pato la wastani la dola 7,000 kwa kila mtu. Shabaha ni njema. Wastani wa dola 7,000 unaweza kufikiwa kila kaya ikipanda kidogo, au wachache wakipanda sana. Namba itakuwa ileile, taifa litakuwa tofauti.

Na sisi tunahesabu nini?

Haitakuwa haki kuwapima wengine na kujiacha sisi wenyewe. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 535, inaitaka kila parokia iwe na daftari la ubatizo, la ndoa na la wafu. Kila mwaka tunajaza fomu ya takwimu: waliobatizwa, waliopokea Komunyo ya Kwanza na Kipaimara, ndoa, makatekista. Fomu huenda jimboni, kisha Roma, ambako huchapishwa kitabu cha takwimu za Kanisa zima, Annuarium Statisticum Ecclesiae. Wageni wakitutembelea tunawatajia idadi ya wabatizwa, na wakati mwingine tunaitaja kwa sauti inayofanana na ya Mfalme Daudi.

Fomu ile haina nafasi ya kuandika wagonjwa wangapi wamekaa miezi mitatu bila kutembelewa. Haiulizi ni vijana wangapi waliopata Kipaimara mwaka jana hawajaonekana tena. Hata hesabu ya sadaka ya Jumapili hutuambia jumla tu, wakati Bwana, alipokaa kuielekea sanduku la hazina katika Injili ya Marko sura ya 12, alitazama kila mtu alikuwa amebakiwa na nini. Kwa hesabu ya hekalu, senti mbili za mjane hazikuwa kitu. Kwa hesabu yake zilikuwa kubwa kuliko zote, kwa sababu ndizo zilizokuwa riziki yake yote. Mchungaji mwenye kondoo mia aligundua kwamba mmoja hayupo kwa kuwa alihesabu, na alikwenda kumtafuta kwa kuwa kwake yule hakuwa asilimia moja.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo wafanye jambo moja kabla ya mwisho wa mwaka huu. Pamoja na orodha ya michango, kila jumuiya iandike majina, si idadi: wazee wanaoishi peke yao, wagonjwa wa muda mrefu, watoto wasio na vyeti vya kuzaliwa, akina mama wanaotarajia kujifungua ambao hawajahudhuria kliniki. Vyeti vifuatiliwe kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA. Akina mama wasindikizwe kliniki na majirani. Orodha hiyo itunzwe kwa siri na heshima, iletwe ofisini kwa paroko, nasi tutaisoma kabla ya kujaza fomu ya jimbo.

Kijana wa jioni ile bado anasali katika jumuiya yake, na bado anafikiria kusafiri. Hatumkatazi, kwani watu wa Mungu wamekuwa wasafiri tangu Abrahamu. Tumemwomba tu kwamba akiondoka, aondoke kwa sababu anazozijua, na akibaki, abaki kwa sababu anazozijua. Yule mama aliyeuliza swali amechaguliwa kuandika majina ya jumuiya yao.

Tumsifu Yesu Kristo.